Mke wa Dobi Chini ya Daraja

Kama hujawahi kufua shuka jeupe, ukalikamua, ukalianika, ukaingia ndani kunywa maji tu, ukatoka ukalikuta limeshakuwa la kijivu, basi hasira za Povu utazisikia kwa mbali. Mimi nitakueleza ninavyoweza. Ila usije ukaniuliza mbona mzee mzima alikuwa anaongea na ukuta, maana huko ndiko ninakokupeleka, na sitaki kuharakishwa.

Povu alikuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani alikuwa Povu, na watu walibishana jina limetoka wapi. Wengine walisema ni kwa sababu ya sabuni iliyomfika viwikoni tangu asubuhi. Wengine walisema ni kwa sababu ya maneno yaliyomtoka akikuta umeacha kalamu kwenye mfuko wa shati. Ukimuuliza mkewe, alikuwa anakwambia wote wamepatia.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka, na ua wa nyuma ulikuwa kamba tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye anafua, mke anaanika na kupiga pasi. Na mke huyo, jamani, usafi wake ulikuwa wa kuchosha. Alifuta meza kabla mgeni hajaja, mgeni akiwepo, na mgeni akishaondoka. Ukinyanyua kikombe unywe, ukikirudisha unakuta pale kilipokuwa pameshafutwa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alilelewa humo, akatoka na jicho lile lile la kuona vumbi kabla halijatua. Alipokua akaenda mji mwingine, akapata kazi hotelini, akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa usafi wa vyumba. Nasikia wahudumu wake walikuwa wanamwogopa kuliko mwenye hoteli.

Basi waliishi hivyo, nguo za watu zikiingia chafu zikitoka zinanukia, mpaka machimbo ya kokoto yalipofunguliwa ng'ambo ya reli. Barabara ya kutoka huko inapita chini ya daraja la reli, jirani kabisa na kwa Povu, na pale chini ya daraja pana mwinuko. Lori lililoshiba mawe haliwezi kuupanda bila kunguruma, na likinguruma linatapika moshi mweusi ti. Kuta za daraja zilikuwa za chokaa. Zikawa rangi ya maziwa yaliyoungua, zikawa kijivu, mwisho zikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Na masizi hayakuwa na adabu ya kubaki darajani. Yaliruka ukuta, yakaingia uani kwa dobi, yakatua kwenye mashuka.

Wakafua mara ya pili. Wakafua mara ya tatu. Mke akawa anasimama uani na kipande cha boksi, anapepea moshi kama anayefukuza kuku. Wateja walivumilia, kisha wakaanza kupeleka nguo kwengine, mmoja mmoja, wakipita dukani kwa kasi na macho chini. Hilo Povu angelimeza. Lakini mke alikuwa anapepea moshi ule huku akiuvuta, na kikohozi kikamwingia, kile kikavu kisicho na haraka, kinachokohoa mara moja, kinapumzika, kinakohoa tena.

Binti alipopata habari alipiga simu. "Mama, baba, njooni mkae kwangu. Chumba kipo, kina dirisha, na hewa ya huku ni safi."

"Na nguo za watu nani atazifua?" mama yake akajibu.

Povu alikuwa amekaa pale pale, akanyamaza. Na hapa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Angesema "twende", mkewe angenuna siku mbili tatu, kisha angefunga mizigo. Hakusema. Duka lile alilisimamisha kwa mikono yake, na aliogopa kwenda kuwa mzee wa kukaa sebuleni kwa mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mwanawe wa kumzaa. Akajificha nyuma ya jibu la mkewe, simu ikakatwa, malori yakaendelea kupanda mwinuko.

Mke alikufa msimu wa mvua, siku ambayo hata hawakuwa wameanika kitu. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, binti alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba, ulikuwa unajua," alisema.

Hakupandisha sauti. Angempigia kelele, Povu angetoa povu lake, wangegombana na kulia na kuyamaliza. Lakini alisema hivyo tu, akaenda kupanda basi. Tangu siku hiyo simu zao zikawa fupi kama za watu wanaoogopa vocha kuisha. Umekula? Nimekula. Unaumwa? Siumwi. Haya, baba. Haya, mwanangu.

Sasa upweke. Watu husema mjane wa kiume hukosa mpishi, lakini Povu kupika alikuwa anajua. Alichokosa ni salamu. Hakuwahi kujua kwamba majirani waliokuwa wanapiga hodi miaka yote hiyo walikuwa wanamfuata mkewe. Yeye alikuwa mtu wa kununa nyuma ya karai, na mke ndiye aliyekuwa anatoka mlangoni, anauliza hali ya mtoto, anauliza mguu wa bibi umefikia wapi. Alipoondoka yeye, hodi nazo zikaondoka. Jumamosi nzima ilikuwa inaweza kupita bila Povu kutumia sauti yake, na jioni akijaribu kuita mtu barabarani, sauti inatoka imekwaruza, mpaka anajikohoza kwa aibu.

Dukani kulikuwa na rafu ya nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Suruali ya mtu aliyehama. Gauni la harusi ambalo pengine harusi yake ilivunjika. Koti la mtoto ambaye kwa vyovyote sasa ana ndevu. Masizi yalipenya mpaka kwenye rafu hiyo, na Povu, ambaye hakuwa tena na kazi ya maana, akawa anazishusha, anazifua, anazipiga pasi, anazikunja na kuzirudisha. Zikichafuka tena anazishusha tena. Alikuwa anafanya kazi nzuri sana, nakwambia, kwa watu ambao hawatakuja.

Aliyebaki kuzungumza naye alikuwa Kisigino, fundi viatu aliyekaa na meza yake pale mdomoni mwa daraja, mtu mwenye maneno mengi na nyundo ndogo. Siku moja Kisigino alimjia na habari.

"Povu, wamekuja watu kuosha daraja. Lakini wanaosha vibaya, mwenzangu. Wanarukaruka."

Kumwambia Povu kwamba kuna mtu anaosha vibaya ni kumtoa nyoka pangoni. Alivaa ndala akaenda kugomba. Akakuta vijana wamepanda ngazi, wana ndoo na sponji, na anayewaongoza ni mama mmoja wa makamo mwenye nywele fupi na ovaroli iliyojaa madoa. Watu walimwita Mchoraji. Sponji yake ilipita ukutani hapa, ikaruka pale, ikarudi hapa.

"Mama, unaacha uchafu," Povu alisema bila hata salamu. "Hapo, na hapo. Ama osha, ama acha."

"Shikamoo, baba," alijibu Mchoraji. "Rudi nyuma kidogo, utazame."

Povu alirudi nyuma huku akiguna. Pale palipooshwa palikuwa na ndege. Ndege mweupe, mabawa wazi, ametoka katikati ya weusi. Hakuwa na hata tone la rangi. Alikuwa ni ukuta wenyewe, ule wa zamani, unaochungulia.

"Hatuongezi kitu," alieleza Mchoraji. "Tunapunguza tu. Rangi yetu ni masizi haya haya, na nikiyaosha yote ndege naye kwisha."

Alikuwa mtu wa kazi hizo. Mahali pengine alikuwa amekusanya masizi ya mabomba ya malori, akayachekecha, akatengeneza wino, akachora nao picha kubwa za mapafu zikatundikwa sokoni. Mahali pengine alikuwa ameshona gauni refu kwa barakoa za vumbi zilizotupwa na wafanyakazi wa kiwanda. Sasa alikuwa ameomba ruhusa ya watu wa reli, na alitaka wakazi wenyewe waje waoshe ukutani umbo la kitu ambacho moshi umewachukulia. Sharti lilikuwa moja tu: ukishachora, unaacha. Hakuna kurudia. Masizi yatarudi na yataifunika picha, na watu wataona kwa macho yao jinsi inavyomezwa.

"Na wewe, baba, moshi umekuchukulia nini?"

"Hakuna," alisema Povu, akaenda zake.

Watu walijitokeza. Mmoja aliosha mnazi, mwingine mtoto anayecheza mpira. Kisigino alichora mpapai uliokuwa nyuma ya nyumba yake, ukatoka kama mwavuli, wakamcheka mpaka na yeye akacheka. Kesho yake asubuhi Povu alirudi. Alikuwa na brashi yake ya kola, kipande cha sabuni ya mche, na shuka kuukuu begani. Hakusalimu mtu. Alitafuta pahali pake, mbali kidogo na wenzake, akaanza.

Mkewe hakuwa na picha ya maana. Ile ya kitambulisho ilimwonyesha ametoa macho kama aliyeulizwa deni. Lakini Povu alikuwa na picha nyingine kichwani, na hiyo hakuitafuta. Miaka yote alikuwa anakaa kwenye karai lake akimtazama mkewe anaanika, na jua la asubuhi likitokea upande wa pili, anamwona kivuli ndani ya shuka: mikono juu, kichwa kimeinama upande, kibanio kimoja mdomoni. Hicho kivuli ndicho alichokiosha. Alilibana shuka kuukuu ukutani apate kipimo cha urefu wake, akalitoa, akasugua kwa brashi ya kola, taratibu, kutoka vidoleni kwenda mabegani, kutoka mabegani kwenda miguuni. Mchana watu walikuja kula karibu yake, wakaacha kutafuna. Kisigino alivua kofia.

"Shemeji," alisema.

Mchoraji na watu wake walikaa kidogo, wakaaga, wakaenda kwenye mji mwingine. Malori hayakuwa na habari. Ndege akaanza kuwa wa kijivu. Mpapai wa Kisigino ukafuatia. Siku Povu alipopita akakuta vidole vya mkewe vimeanza kufifia, alisimama pale mpaka dereva mmoja akampigia honi atoke njiani. Akarudi nyumbani kwa haraka, akachukua brashi na maji, akamfuta masizi.

Sharti alilijua. Alilivunja kwa kusudi, na aliendelea kulivunja kila asubuhi. Ndoo mkononi, ndala miguuni, anaenda chini ya daraja kumwosha mkewe uso na mikono. Na akishafika, anazungumza.

"Leo nimefua lile koti la mtoto. Bado linatoa rangi."

"Bei ya sabuni imepanda. Ungekuwepo ungegombana na muuzaji."

"Binti yako amepiga. Amesema haya, baba. Nami nimesema haya, mwanangu."

Jambo moja hakulitarajia. Brashi haiwezi kufuata mstari ule ule kila siku, utake usitake inakula ukingoni. Kidogo kidogo mwanamke wa ukutani akaanza kutanuka, mikono ikanona, kiuno kikajaa. Siku za mwisho za uhai wake mke wa Povu alikuwa amebaki mifupa, hata pete ilikuwa inamtoka akinawa. Sasa alikuwa anarudi mwili.

"Unanenepa," alimwambia. "Hayo ndiyo mambo."

Vijana wa mtaa walianza kusema mzee amerukwa na akili. Kisigino aliwatimua kwa nyundo. Lakini hata yeye alimwambia siku moja, kwa upole usio wake, "Mwenzangu, na sisi tulio hai tunaongea, ukitaka." Povu alisema atakuja kukaa. Hakuja. Kisigino ukimsemesha angekujibu, na Povu alikuwa ameshasahau mazungumzo ya namna hiyo yanavyokwenda.

Mchoraji aliporudi kutazama ukuta wake ulivyomezwa, alikuta weusi mtupu, na katikati mwanamke mmoja mweupe anaanika nguo. Alimkuta Povu pale pale na ndoo.

"Baba, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alikiri Povu.

"Kazi yangu ni watu waone kinachopotea. Usipokiacha kipotee, wataona nini?"

"Mimi nilishaona kikipotea. Nilikuwa nimekishika mkono."

Mchoraji alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Kisha akauliza mkewe alikuwa mtu gani, na Povu, ambaye hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote tangu mazishi, alimweleza mpaka koo likamkauka. Kabla ya kuondoka Mchoraji alipiga picha: mzee, ndoo, brashi ya kola, na mwanamke mwenye mikono juu. Picha hiyo ilitundikwa kwenye maonyesho yake, na gazeti likaichapa.

Gazeti liliwekwa kwenye meza ya mapokezi ya hoteli fulani, katika mji mwingine. Msimamizi wa usafi akapita na kitambaa chake, akalinyanyua ili afute chini yake.

Simu ya Povu ililia mchana.

"Baba. Huyu mtu wa ukutani ni mama?"

"Ndiye."

Akasikia gazeti likikunjwa upande wa pili.

"Nakuja Jumapili," binti alisema, na safari hii hakusema haya, baba.

Ewe msomaji, usiombe kumwona mtu aliyekaa peke yake muda mrefu akipata mgeni. Povu alisugua sakafu, akasugua karai, akasugua hata kopo la maji ya choo. Alifua mapazia yakamkauka yakiwa ya kijivu, akayafua tena. Alisimama mbele ya kioo akafanya mazoezi ya kusema "karibu, mwanangu", akaona anasema kama konda wa basi, akaacha. Na katika kufikiri kwake akapata wazo lililomfurahisha mpaka akacheka peke yake. Hatamsafisha mkewe mpaka binti afike. Ataacha masizi yatue, amkute mama yake ana vumbi, kisha wataenda wote wawili, yeye na brashi, binti na kitambaa, wamsafishe pamoja. Kwenye kazi ya namna hiyo watu wawili hawalazimiki kutazamana, na pengine maneno aliyoshindwa kuyasema kwenye simu yatatoka yenyewe huku mikono ina shughuli. Alitaka kumwambia, "Mwanangu, ni kweli, nilikuwa najua." Hilo tu. Alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Vumilia," alimwambia mkewe ukutani. "Unaona uchafu, najua. Vumilia mtoto aje."

Kisigino alipoona mikono ya mwanamke inageuka kijivu alishtuka, akamuuliza kama anaumwa. Povu alicheka tu. Jumamosi mke alikuwa amebaki kama doa la chai lililofuliwa vibaya. Lazima ujue yupo ndipo umwone.

Jumapili Kisigino hafungui. Povu alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, akaenda stendi mapema kuliko haja. Mabasi yaliingia, watu wakashuka, wakapokelewa. Basi la kutoka mji wa binti likaingia. Akasimama karibu na mlango, akamtazama kila aliyeshuka usoni, hata wanaume. Akashuka mama mwenye kuku, wakashuka wanafunzi, akashuka dereva mwenyewe. Povu akachungulia ndani. Viti vitupu.

Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akasubiri basi lililofuata, ambalo halikutoka hata upande huo. Akajiambia labda amepitiwa na usingizi, labda kazi, labda mgonjwa. Kisha akaacha kujidanganya. Amefikiri upya. Ameona hana sababu ya kuja, na ana haki yake. Povu alijikaza kisabuni, akashika njia ya kurudi kwa miguu, shati lake zuri likimganda mgongoni.

Alipokaribia darajani aliona maji.

Yalikuwa yanateremka kando ya barabara kutoka chini ya daraja, meusi, na juu yake kuna povu. Povu jingi, la sabuni nzuri, si ile ya mche. Dobi hahitaji kuelezwa maji ya aina gani yanatoka wapi. Akakimbia, mzee yule, ndala moja ikabaki nyuma.

Binti alikuwa juu ya ngazi iliyokuwa imeegemea uani kwao miaka yote. Chini kulikuwa na ndoo zao na brashi zao, na dumu la sabuni ya maji ya hotelini. Alikuwa amekunja suruali, amefunga kitambaa kichwani, analia kwa sauti huku anasugua. Na ukuta, kutoka chini mpaka mkono wake ulipofika, kutoka nguzo hadi nguzo, ulikuwa mweupe. Mweupe pe, kama siku ulipopakwa chokaa.

"Baba, simpati," alisema alipomwona. "Nimeosha kote na simpati."

Alikuwa amepanda basi la alfajiri ili amshtukize, wakapishana. Ufunguo ulikuwa pale pale unapofichwa siku zote. Alikuja mbio darajani kumwona mama yake, akakuta ukuta mweusi na kivuli kilichofifia, na aliona kile ambacho binti wa nyumba ile angeona: uchafu umeifunika picha ya mama. Gazeti lilisema mchoro. Yeye alijua mchoro ni rangi, na rangi nzuri ukiiosha inang'aa.

"Nikaanza kuosha mkono. Ukapotea. Nikadhani sijaosha vizuri, nikaongeza sabuni. Kila nikiosha anazidi kwenda. Nikasema labda yuko pembeni, nikaosha na pembeni. Nilidhani ni rangi, baba. Nilidhani umempaka rangi."

Povu alishika ngazi kwa mikono miwili. Alitazama mahali pa vidole, mahali pa kiuno kilichokuwa kimerudi mwili. Palikuwa pasafi. Alitaka kukasirika, na alikuwa na kila sababu, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni kumwona binti yule juu pale, kitambaa kichwani, mikono juu, kichwa kimeinama upande.

"Hakuna kosa," alisema. "Mama yako angepita hapa hata siku moja, angeuosha wote vile vile. Asingeacha hata pahali pa kujichora. Shuka, mwanangu."

Binti akashuka. Wakaketi kwenye ukingo wa barabara, matako kwenye maji, hawana habari.

"Anarudi?" binti aliuliza, kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Lazima pachafuke kwanza."

Lori likaja. Lilikuwa limeshiba, likaanza kuupanda mwinuko, likanguruma, na moshi mweusi ukatoka ukajaa chini ya daraja. Na Povu, aliyekuwa ameyalaani malori hayo kila siku ya maisha yake tangu yaanze, alijikuta ameinua uso kuutazama ukuta. Alikuwa anaangalia kama masizi yameshika. Moyoni alikuwa anasema mwaga, mwaga zaidi, leta mengine nyuma yako.

Kando yake binti akakohoa. Kikohozi kikavu, mara moja. Akapumzika. Akakohoa tena.

Povu aligeuka akamtazama. Alikuwa na masizi kwenye nyusi na puani, alikuwa ameyasugua na kuyavuta tangu asubuhi. Mzee akavua lile shati lake la makali, akalichovya kwenye maji safi yaliyobaki ndooni, akamfuta mwanawe uso.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa najua."

Binti aliinamisha kichwa kwenye lile shati na kukaa hivyo.

"Kile chumba," Povu aliuliza, "chenye dirisha. Bado kipo?"

"Nilimpangisha mtu, baba. Mwaka jana. Nilijua huwezi kuja." Alijifuta pua. "Lakini sebuleni pana kochi."

Mzee alifikiri kidogo kuhusu kochi. Lori jingine lilikuwa linasikika kwa mbali, linabadilisha gia.

"Kochi linatosha," alisema. "Twende nikafunge duka. Kuna nguo za watu pale, itabidi tumwachie Kisigino."

Aliinuka, akaokota ndoo. Brashi ya kola ilikuwa chini ya ukuta, pale ilipokuwa miguu ya mkewe. Aliitazama, akaiacha hapo, akamshika binti mkono, wakatoka chini ya daraja kabla lori halijafika.